Mgahawa wa Mlango Mmoja

Kila ninapoalikwa kwenye semina za akina mama wajasiriamali, mwezeshaji huanza na swali lile lile: mtu anayetaka kufungua biashara afikirie nini kwanza? Wenzangu hujibu vizuri. Mmoja husema mtaji, mwingine soko, mwingine husema kumcha Mungu na kuamka mapema. Zamu yangu ikifika nasema, "Ahesabu milango."

Mara ya kwanza niliposema hivyo, mwezeshaji, dada mmoja nadhifu aliyetoka Dar es Salaam, aliandika "milango" ubaoni akasubiri nieleze kwamba ni milango ya fursa. Nikamwambia hapana, mwanangu, ni milango ya mbao, yenye bawaba na komeo. Akina mama wa Rungwe waliokuwa ukumbini walikuwa wameshaanza kucheka, wengine wamejifunika kanga usoni. Walikuwa wameelewa. Yule dada alibaki na chaki mkononi. Kwa ajili yake, na kwa ajili yako msomaji ambaye labda hukuolewa huku milimani, nitaeleza taratibu.

Nilifungua mgahawa miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa watu. Kabla ya hapo sukari tuliipangia foleni, na unga wa ngano uliupata kwa kujuana. Halafu, kama mtu aliyefungua bomba, vitu vikaanza kumwagika. Maduka ya watu binafsi yakajaa Tukuyu, mitumba ikatandazwa hadi kwenye mifereji, na unga wa ngano ukawa unakusubiri wewe badala ya wewe kuusubiri. Nikajiambia, huu ndio wakati.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tulikuwa tumehamia mjini kutoka Lufingo, tukapanga Bagamoyo. Hii ni Bagamoyo yetu ya Tukuyu, isiyo na bahari wala minazi, yenye mvua tu. Nilipomweleza wazo langu alifikiri siku mbili, kisha akanipa mwaka mmoja, kutoka masika hadi masika. Mgahawa ukisimama, vizuri. Usiposimama, mimi na watoto turudi Lufingo kulima chai na migomba karibu na wazazi wake, na jambo hilo lisijadiliwe tena. Sharti lingine lilikuwa lake mwenyewe: baba yake asiambiwe kwanza. Mzee wake alikuwa mtu wa msimamo, na neno lake moja lingetosha kufunga mgahawa hata kabla chai haijachemka. Mume wangu akasema atamwambia wakati muafaka. Nimeishi na mwanaume yule miaka mingi sasa, na wakati wake muafaka bado haujafika kwa mambo kadhaa.

Silaha yangu ilikuwa chapati. Huku kwetu ndizi hainunuliwi, inakuangukia. Nilikuwa nikichukua ndizi mbivu iliyolainika, naiponda mpaka iwe uji, natia chumvi na iliki iliyotwangwa, ndipo naweka unga na maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Donge linapumzishwa nusu saa chini ya kitambaa kibichi. Chapati inatoka laini, na hata ikilala inabaki laini. Siri hiyo niliibuni mwenyewe nilipokuwa mwali, na sikumfundisha mtu yeyote. Leo naitoa bure, maana siku hizi mikono yangu inauma.

Chumba nilichopata kilikuwa stoo ya mbolea zamani. Kilikuwa na kuta nene za matofali, kidirisha kimoja chenye nondo, na mlango mmoja mbele, unaotazama barabara. Nilikisifu sana chumba kile. Nilimwambia mwenzangu, "Mwizi hapa ataingilia wapi?" Mwenzangu huyo alikuwa mwanamke wa Iringa aliyekuja Tukuyu kumfuata mume, na tulikuwa tumeungana: yeye anahudumia wateja mbele, mimi napika nyuma ya pazia. Naye akakisifu. Wote wawili tulitazama usalama wa vitu vinavyoingia. Hakuna aliyefikiria mimi nitatokea wapi.

Sasa nieleze. Kwa sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Si ugomvi, ni heshima. Hamtazamani usoni, hamwongei ana kwa ana, hukai naye chumba kimoja. Ukimwona njiani anakuja, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Naye pia ana wajibu wake: anakohoa anapokaribia, ili upate nafasi ya kutoweka. Mchungaji wetu alikuwa akituambia haimo kwenye Biblia, nasi tunaitikia amina, na tukitoka kanisani tunaingia kwenye migomba kama kawaida. Tangu niolewe nilikuwa nikimpikia yule mzee chakula kila sikukuu, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akimpelekea. Sura yake niliijua kwa picha ya harusi. Mgongo wake niliujua vizuri zaidi.

Mwezi wa pili tangu tufungue, mvua ilinyesha ile ya Tukuyu isiyo na haraka ya kwenda popote. Mwanaume mmoja aliyevaa koti refu akaingia kujikinga. Alikohoa mlangoni. Mimi nilikuwa katikati ya chumba nimebeba sahani za maharage, na kikohozi kile nilikitambua kabla sijageuka. Sijui sahani niliziweka wapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nyuma ya pazia, nimechuchumaa kati ya gunia la mkaa na debe la mafuta, kanga kichwani, na mwenzangu amekuja kunitazama kana kwamba nimepandwa na mashetani.

Nikamnong'oneza kwamba yule ni baba mkwe wangu.

"Sasa si umsalimie?" akasema.

Nikamweleza kwa kifupi. Aliposhika maana alikaa juu ya ndoo, akajiziba mdomo kwa aproni. Sisi na watu wa Iringa ni watani, na siku ile nilimlisha utani wa mwaka mzima. "Ninyi Wanyakyusa," akasema, "mnajenga nyumba za matofali, halafu mnaishi kama panya. Haya, kaa hapo. Mkweo nitamlisha mimi."

Mzee akanywa chai. Akala chapati moja, akaomba ya pili, kisha ya tatu. Mvua ikanyesha saa tatu nzima, na saa tatu nzima nilichuchumaa. Mzee alipoondoka, miguu yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Nilidhani ni bahati mbaya ya mara moja. Siku ya soko iliyofuata akarudi, na mzee mwenzake. Wiki iliyofuata wakawa wanne. Alikuwa akileta majani yake ya chai kwenye mzani asubuhi, kisha anateremka mjini kwa lori, na sasa mgahawa wetu ulikuwa umekuwa kituo chake. Alipenda benchi la karibu na mlango, pale pale ambapo hakuna mtu angeweza kutoka bila kumkanyaga. Hapo ndipo utaona ugumu wangu. Wazee wale ndio walioanza kuujaza mgahawa, maana watu wakiona wazee wenye heshima wamekaa mahali wanajua chai ya hapo si maji ya kuoshea vikombe. Mteja wangu bora ndiye mtu pekee duniani niliyepaswa kumkimbia. Na kama angejua anayemkimbia ni nani, huo ungekuwa mwisho wa mgahawa.

Mwenzangu ndiye aliyebuni dawa. Alikuwa mwanakwaya, mwenye sauti inayofika mpaka Ibighi, kata ya jirani. Tukakubaliana kwamba akimwona mzee anateremka barabarani, aanze wimbo wa kanisani. Mimi nikiusikia, nifute mikono, nitoke kwa mlango ule ule mmoja, nizunguke nyuma ya maduka mpaka apite ndani. Akishakaa mimi nipo nje, na chapati za kutosha nimeziacha kwenye hotipoti. Nikichelewa, basi, gunia la mkaa linanisubiri.

Mpango ulifanya kazi kuliko tulivyotaka. Fundi viatu aliyekaa kwenye kibaraza chetu aliuliza kwa nini wimbo ni ule ule, na kwa nini kila ukiimbwa mimi natoka mbio. Mwenzangu, ambaye siri kwake ilikuwa kama maji kwenye chekeche, akamweleza. Kuanzia hapo fundi viatu naye akawa anauanzisha, maana yeye aliona barabara vizuri zaidi. Kisha muuza mitumba wa jirani akaongeza sauti ya pili. Ikafika mahali mzee akitokea kwenye kona, mtaa mzima unaimba, na kuna mteja mmoja aliyekuwa akisimama kabisa na kufumba macho. Mwenzangu alinisimulia kwamba siku moja mzee alikaa, akavua kofia, akawaambia wenzake kwa masikitiko kwamba Lufingo wamelala kiroho, lakini Bagamoyo watu wameokoka kwelikweli.

Nilicheka, lakini si sana. Masika ya pili yalikuwa yanakaribia. Hesabu za mume wangu zilikuwa rahisi: aliona nikirudi nyumbani katikati ya mchana, nimelowa, wakati mwenye mgahawa alipaswa kuwa mgahawani. Akaniuliza kwa upole kama kweli hii ni biashara au ni mchezo wa kujificha. Ndipo wasimamizi wa ukumbi wa kanisa wakatuagiza chai na chapati za mkutano wa siku moja: chapati mia mbili, zifike saa nne asubuhi. Wakiridhika, walisema, watatuagiza kila wanapokuwa na mkutano, na mikutano ilikuwa haiishi. Nilimwambia mume wangu asubiri siku hiyo ipite, ndipo aamue. Akakubali.

Siku tatu kabla ya mkutano mwenzangu akajifungua mtoto wa kike. Tulishangilia, nikampelekea uji wa ulezi na ndizi, na nikamwambia asijali, nitaweza peke yangu. Ilikuwa kweli. Nilikanda tangu alfajiri, na saa mbili na nusu mabeseni matatu yalikuwa yamejaa chapati, yamefunikwa, na mabirika yanachemka. Mvua ilikuwa inanyesha. Mlango niliuacha wazi ili moshi utoke. Fundi viatu hakuja kwa sababu ya mvua. Muuza mitumba hakufungua. Hapakuwa na wa kuimba.

Nikasikia kikohozi.

Nilirudi nyuma ya pazia nikiwa na mwiko mkononi. Benchi la mlangoni likalia kama linavyolia akikaa. Nilisubiri ainuke aende, kwa kuwa hakuna wa kumhudumia. Hakuinuka. Redio ya nyumba ya pili ikatangaza saa tatu. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara, juu kidogo, mwendo wa dakika tano, na nilihitaji kwenda mara nne. Nikatazama kidirisha. Kwa zile nondo, labda chapati moja moja zingepita. Nikatazama ukuta. Nikafikiria kujifunika kanga mwili mzima nikapita kama mzigo. Nikafikiria Lufingo. Redio ikapiga muziki, kisha ikaacha.

"Birika," mzee akasema. "Hujambo?"

Birika kubwa lilikuwa mezani mbele ya pazia, likitoa mvuke.

"Mabirika ya siku hizi hayajibu wazee," akaendelea, bila hasira. "Birika, nauliza tena. Hujambo?"

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Kumjibu sikuweza, hilo lilikuwa haliwezekani. Lakini karibu na magoti yangu kulikuwa na sufuria. Nikaiambia sufuria, kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia, "Sufuria, mwambie birika mwenye jiko hajambo. Ila ana haraka kidogo leo."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu niolewe: baba mkwe wangu akicheka, kwa chini, kama mtu anayetua mzigo.

"Birika, sikiliza," akasema. "Miaka tisa nimekula chapati yenye ndizi ndani yake. Kila sikukuu inaletwa kwangu kwenye sahani iliyofunikwa. Hakuna mwingine anayeipika hivyo Rungwe nzima. Siku ile ya kwanza niliingia humu kwa mvua, nikauma mara moja, nikajua niko kwa nani. Mwanangu anadhani sijui. Mke wangu anadhani sijui. Na mtaa huu unaniimbia kila nikipita, unadhani mimi ni mjinga. Nimenyamaza kwa sababu nilikuwa naipenda chai."

Nilikaa chini kabisa, juu ya mkaa. Hapo ndipo nilipoona kosa langu la pili, lililokuwa kubwa kuliko la mlango. Nilijificha uso, nikaficha sauti, nikaweka walinzi barabarani, halafu kila siku ya soko nikampelekea mzee sahani yenye jina langu. Wewe unayeuza kitu ulichokibuni mwenyewe, kumbuka hilo. Kazi ya mkono wako inakutaja hata ukiwa umejifungia stoo.

"Sufuria," nikasema, "muulize birika kama mzee amekasirika."

"Birika, mwambie sufuria kwamba mzee angekasirika asingerudi na wenzake watatu." Benchi likalia. "Mwambie pia kwamba redio imesema saa tatu, na kule juu nimeona wanapanga viti. Mimi nakwenda kukaa kona ile ya mwisho. Nitautazama ukuta. Mwenye mzigo wake apite, na asiogope, wala asinimwagie chai."

Nikasikia hatua zake na stuli ikivutwa. Nilichungulia kwenye tundu la pazia. Mgongo ule niliouzoea ulikuwa kwenye kona, koti refu, kofia magotini, uso umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikajifunika kanga mpaka machoni, nikajitwisha beseni la kwanza, nikatoka.

Nilikwenda mara nne kwenye mvua ile. Kila niliporudi mzee alikuwa vile vile, akiongea na ukuta kuhusu bei ya majani mabichi. Safari ya mwisho, nilipokuwa nabeba birika lenyewe, alisema jambo lililokaribia kunifanya nilidondoshe. Alisema, "Ukuta, aliyekujenga hakuwa na mke wa mtoto wake."

Chapati zilifika saa nne kasoro dakika chache. Wajumbe walikula, wakauliza za nyongeza, na kabla ya jioni tulikuwa na ahadi ya mkutano unaofuata. Mume wangu nilimsimulia yote usiku ule. Akaniuliza kama baba yake amekasirika naye. Nikamwambia aiulize sufuria.

Jumatatu iliyofuata asubuhi, kabla sijawasha jiko, nilisikia nyundo nyuma ya stoo. Mzee alikuwa amezungumza na mwenye nyumba, ambaye hakuwa na sababu ya kukataa kuboreshewa nyumba bure. Alikuja na tindo, msumeno na mbao za mkaratusi alizozipasua mwenyewe Lufingo. Kazi ilimchukua siku mbili, na siku mbili mimi nilikaa mbele kwenye kibaraza pamoja na fundi viatu, nikiuza chai kwenye vikombe vya plastiki, mgongo wangu ukiutazama mgongo wake kupitia ukuta uliokuwa unazidi kupungua. Hakuna aliyeimba. Fundi viatu alisema anaona kama mji umerudi nyuma kiimani.

Mlango ule wa nyuma unafunguka kwenye njia ya miguu inayotoka Ibighi, na uliniletea nisichokitarajia. Wanawake waliokuwa hawaingii mgahawani, kwa kuwa mbele kulikuwa na wakwe zao wamekaa kwenye benchi, walianza kuingilia nyuma. Mshonaji alikuja, muuza maziwa akaja, na mama mwenye mashine ya kusaga. Walikunywa chai jikoni kwangu, wakaelezana nani amekosea nini kwenye biashara yake wiki hiyo, na wakacheka kabla ya kurekebisha. Hizo semina ninazoalikwa leo zina ubao na chaki, lakini mimi za kwangu nilizisoma pale, kati ya gunia la mkaa na debe la mafuta.

Ila nimeruka siku yenyewe. Mzee alipomaliza kufunga komeo, aligonga mlango mara mbili kutoka nje, ishara kwamba umekamilika. Kisha akazunguka. Nilisikia kikohozi chake mbele. Kwa mara ya kwanza sikukimbia wala sikuchuchumaa. Niliweka mwiko chini kwa adabu, nikafungua mlango wangu mpya, nikatoka kama mwanamke mwenye shughuli zake, nikaufunga nyuma yangu.

Nikasimama nje kwenye manyunyu. Sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nautazama tu ule mlango, nikigusa mbao zake, nikicheka peke yangu, mpaka sauti ya mzee ikanifikia kutoka ndani, tulivu kabisa.

"Birika," alikuwa akisema. "Mwambie mwenye jiko kuna chapati inaungua."